Ukoo ulioishi kwenye treni: kuwatafuta wazee wa vodevili waliohamia Magharibi ya Marekani

Hapa Nairobi mtu akitaka kujua ukoo wako huanza na swali moja: ushago ni wapi? Ukishataja Nyeri, Bondo au Kaloleni, nusu ya kazi imeisha, maana huko kuna shamba, kuna makaburi, na kuna mzee anayekumbuka. Zipo familia zetu zilizooa na kuoza California, Oregon na Washington, na wajukuu sasa wanauliza habari za upande wa pili. Ikiwa wazee wa upande huo walikuwa watu wa vodevili, swali la ushago halina jibu. Mume alizaliwa jimbo moja, mke jingine, kila mtoto na mji wake, na ndoa ikafungwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyekaa wiki mbili. Ukitafuta mahali utawapoteza. Tafuta njia waliyopita, yaani mzunguko wa kumbi na kalenda yake, kisha uzipange nyaraka juu ya njia hiyo.

Kwa asiyeijua, vodevili ilikuwa tamasha la tiketi lililounganisha maonyesho mafupi yasiyohusiana: mwimbaji, wachekeshaji wawili, wanasarakasi, mbwa waliofunzwa, igizo dogo, mcheza dansi. Kila onyesho lilichukua kama dakika 10 hadi 20. Fani hiyo ilistawi kuanzia miaka ya 1880 hadi sinema yenye sauti ilipoingia 1927 na uchumi ukaporomoka 1929. Ukumbi wa Palace wa New York, uliokuwa kilele chake, uligeuzwa kuwa wa sinema mwaka 1932. Msanii hakuajiriwa na ukumbi mmoja. Alikodiwa kwa wiki, mji baada ya mji, kupitia ofisi za kupanga ratiba zilizokata asilimia 5 ya mshahara wake, na wakala wake binafsi akakata nyingine 5. Mfumo huo wa ofisi ndio unaotusaidia leo, kwa sababu kila wiki ya kazi ilipangwa mapema na ikachapishwa.

Njia za Magharibi

Kuna majina matatu ya kukariri. Orpheum ilianzia San Francisco mwaka 1887, katika ukumbi wa Gustav Walter mtaa wa O'Farrell, ikakua hadi ikawa mzunguko wa hadhi kati ya Chicago na pwani ya Pasifiki, wenye maonyesho mawili kwa siku. Alexander Pantages, Mgiriki aliyewahi kuendesha ukumbi mjini Dawson, Kanada, wakati watu walipokimbilia dhahabu ya Klondike, alifungua Crystal mjini Seattle mwaka 1902. Mzunguko wake ulikuwa wa tiketi rahisi na maonyesho matatu au zaidi kwa siku, na aliuuza kwa RKO, kampuni ya sinema, mwaka 1929. Wa tatu ni Sullivan na Considine, nao wa Seattle, waliotoweka 1914. Kwa familia isiyo na jina kubwa mimi huanza na Pantages, kwa sababu za njia na za uchapishaji.

Safari ya Pantages kwa kawaida ilianzia Winnipeg au Minneapolis, ikapita Calgary na Edmonton, ikateremka Spokane, Seattle, Vancouver, Tacoma, Portland, San Francisco, Oakland, Los Angeles na San Diego, halafu ikarudi mashariki kupitia Salt Lake City na Ogden. Wasanii wote wa tamasha moja walisafiri pamoja, ukumbi hadi ukumbi. Hapo ndipo pa kushika. Jina la jamaa yako likiwa limechapwa vibaya wiki ya Spokane, chagua mwenzake wa tamasha hilohilo mwenye jina gumu kukosewa, mfuate yeye hadi Portland na Oakland, na jamaa yako utamkuta mistari miwili mitatu chini yake.

Ratiba zenyewe ziko kwenye magazeti ya fani. Variety, lililoanzishwa New York mwaka 1905, lilikuwa na safu ya kila wiki iitwayo Bills Next Week, yenye mzunguko, mji, ukumbi, na majina ya maonyesho yamebanwa kwa herufi ndogo. Billboard, la mwaka 1894, lilikuwa na kitu kizuri zaidi kwa mtafuta ukoo: orodha ya barua zilizokuwa zikiwasubiri wasanii katika ofisi zake, maana gazeti ndilo lililokuwa posta ya watu wasio na anwani. Mtu aliyetoweka kwenye ratiba mara nyingi bado yumo kwenye orodha ya barua. New York Clipper, lililoishi kuanzia 1853 hadi 1924, linafaa kwa miaka ya mwanzo. Yote haya yanasomwa bure: Variety na Billboard kwenye Internet Archive na kwenye Media History Digital Library yenye kitafutio kiitwacho Lantern, na Clipper kwenye hifadhi ya magazeti ya Chuo Kikuu cha Illinois.

Kutafuta kwa jina kamili hukosa mara nyingi, na si kwa sababu mtu hayumo. Mashine iliyosoma kurasa hizo huchanganyikiwa na safu nyembamba. Tena gazeti lilifupisha kila kitu: Three Keatons inakuwa 3 Keatons, Brothers inakuwa Bros, Sisters inakuwa Sis, na alama ya & inasomwa kuwa 8 au S. Kwa hiyo tafuta neno moja tu la jina, lile lisilo la kawaida, pamoja na jina la mji, ndani ya mwaka mmoja. Ukipata wiki mbili zinazofuatana kwenye njia ya Pantages, funga kitafutio na uanze kufungua kurasa kwa mkono, toleo kwa toleo. Kazi hiyo inachosha, lakini msimu mzima wa familia hupatikana hivyo kwa uhakika kuliko kwa kubahatisha majina.

Kalenda ya sensa na kalenda ya jukwaa

Sensa ya Marekani hufanywa kila miaka 10 na hufunguliwa baada ya miaka 72, hivyo ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022. Ile ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto wa 1921. Wengi hufungua sensa, wakakosa jina, wakaamua kwamba familia haikuwa Marekani. Angalia tarehe kwanza. Msimu wa vodevili ulianza Septemba ukaishia Mei au Juni, kwa sababu kumbi nyingi zilifungwa kwa joto la kiangazi. Sensa ya 1900 ilihesabu watu kwa hali ya tarehe 1 Juni, msimu ukiisha, kwa hiyo wengi walikuwa kwa wazazi au wakwe. Ya 1910 ilikuwa 15 Aprili, ya 1920 ikawa 1 Januari, na ya 1930 ilikuwa 1 Aprili: zote katikati ya msimu. Januari 1920 msanii yuko hotelini Tacoma au Butte, ameandikwa na karani wa hoteli aliyekisia umri wake na jimbo alikozaliwa, au hakuandikwa kabisa.

Basi kwa 1910, 1920 na 1930 usianze na nyumba ya familia. Pata kwanza wiki ile ya sensa kwenye ratiba, ujue walikuwa mji gani, kisha fungua kata ya katikati ya mji huo yenye hoteli na nyumba za kupanga karibu na ukumbi, na usome ukurasa kwa ukurasa ukitafuta kazi iliyoandikwa mwigizaji, vodevili au ukumbi wa maonyesho. Mara nyingi wenzao wa tamasha wako ukurasa huohuo, na hiyo ndiyo hakikisho lako hata jina likiwa limeharibika. Kwa kiangazi, kumbuka kwamba baadhi yao walikuwa na makazi ya pamoja ya mapumziko. Kule Bluffton, Muskegon, jimbo la Michigan, kulikuwa na kijiji cha wasanii ambacho Joe Keaton, baba yake Buster Keaton, mchekeshaji wa sinema zisizo na sauti, alishiriki kukianzisha.

Sensa ya 1940 ni ya thamani ya pekee kwa swali la kuhamia Magharibi, kwa sababu iliuliza kila mtu alikuwa akiishi wapi tarehe 1 Aprili 1935. Mwalimu wa dansi wa Long Beach aliyeishi Chicago mwaka 1935 amekupunguzia muda wa kutafuta hadi miaka mitano.

Wanaume wana kadi za kuandikishwa jeshini za Vita vya Kwanza, na mimi huziweka juu ya sensa kwa watu hawa. Zilijazwa siku tatu kuu: 5 Juni 1917 kwa wenye miaka 21 hadi 30, 5 Juni 1918 kwa waliotimiza 21 baadaye, na 12 Septemba 1918 kwa wote wa miaka 18 hadi 45 waliobaki. Kadi ya 1917 ina mahali alipozaliwa, kazi na mwajiri, na msanii mara nyingi ameandika jina la mzunguko au ukumbi. Ya Septemba 1918 haina mahali pa kuzaliwa, ila ina jina na anwani ya ndugu wa karibu, na anwani hiyo ndiyo kitu cha karibu zaidi na ushago utakachokipata. Kwenye kadi ya 1917 ukiona kona ya chini kushoto imekatwa, si uchakavu. Maagizo yalisema ikatwe ikiwa mtu ana asili ya Afrika.

Majina na miaka

Jina la jukwaani halikuwa la kujificha, lilikuwa la biashara, na liliuzwa na kurithiwa kama biashara. Frank Gumm na mkewe Ethel walitumbuiza kama Jack na Virginia Lee. Mwaka 1926 walitoka Grand Rapids, Minnesota, wakahamia California na wasichana watatu, na Frank akaendesha ukumbi wa sinema Lancaster. Binti mdogo, Frances, aliyezaliwa 10 Juni 1922, ndiye ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kama Judy Garland, mwimbaji na mwigizaji wa sinema. Anayetafuta familia ya Lee hatapata kitu, na anayetafuta familia ya Garland hatapata kabisa. Jihadhari zaidi na makundi ya "ndugu" na "dada". Mengi yalikuwa ya watu wasio na damu moja, na mmoja akiondoka mwingine aliingia na kuvaa jina lilelile. Miti mingi ya ukoo mtandaoni imejaa wajomba ambao hawakuwahi kuwa wajomba.

Umri nao ulirekebishwa kwa sababu za wazi. New York kulikuwa na chama cha kulinda watoto, kilichoongozwa na Elbridge Gerry, kilichowakamata wazazi waliopandisha watoto jukwaani. Kwa hiyo watoto waliongezewa miaka. Wanawake wakubwa walipunguza yao. Ukiwa na tarehe tatu za kuzaliwa zinazogombana, weka uzito kwenye sensa ya 1900, iliyoandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa, ikiwa mtoto wakati huo alikuwa bado hajapanda jukwaani.

Watoto walizaliwa palipokuwa na kazi. Buster Keaton alizaliwa Piqua, Kansas, tarehe 4 Oktoba 1895, kwa sababu tu wazazi wake walikuwa wakipita hapo na maonyesho. Ndugu wa Nicholas, wacheza dansi ambao wazazi wao waliongoza bendi ya ukumbi Philadelphia, walizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1914 na Winston-Salem, North Carolina, mwaka 1921. Cheti cha kuzaliwa basi kitafutwe kwa ratiba. Hesabu nyuma hadi wiki ya kuzaliwa, tazama mji, ndipo uandike kwa kaunti hiyo.

Kisiwepo cheti, usikate tamaa haraka. California ilianza usajili wa jimbo zima Julai 1905 na Washington Julai 1907, na kumbukumbu nyingi za San Francisco ziliteketea kwa tetemeko na moto wa 18 Aprili 1906. Ndiyo maana wazee wengi, walipotakiwa kuthibitisha umri kwa ajili ya hifadhi ya jamii kuanzia 1936 au kazi za viwanda vya vita, waliomba vyeti vya kuzaliwa vya kuchelewa. Cheti cha namna hiyo kina ushahidi wake: Biblia ya familia, kiapo cha shangazi, wakati mwingine hati ya bima. Fomu ya SS-5 ya kuomba namba ya hifadhi ya jamii ndiyo hati moja inayofunga jina la kuzaliwa, majina ya wazazi na mwajiri wa wakati huo pamoja. Huombwa kwa barua au mtandaoni kwa ada, na wakati mwingine majina ya wazazi hufunikwa.

Kwa familia za Wamarekani weusi njia ni nyingine kidogo. Mzunguko wao mkubwa wa miaka ya 1920, uliojulikana kwa kifupi TOBA, ulikuwa wa Kusini na katikati ya nchi zaidi. Magharibi walipita kwenye mizunguko ya wazungu, kama ile bendi ya Creole ya watu wa New Orleans iliyoanza ziara ya Pantages mwaka 1914, au walikuwa wenyeji. Mchekeshaji Bert Williams, mzaliwa wa Nassau, alikulia Riverside, California, akakutana na mwenzake George Walker San Francisco mwaka 1893. Mchekeshaji Eddie Anderson, anayekumbukwa kwa jina la Rochester, alizaliwa Oakland mwaka 1905, baba akiwa mtu wa jukwaani na mama mtembea juu ya kamba. Variety liliwataja kwa uchache. Soma Freeman la Indianapolis, lililokuwa na ukurasa wa jukwaa na likawapokelea barua, Chicago Defender, na California Eagle la Los Angeles. Hoteli ziliwakataa, hivyo katika sensa usiwatafute hotelini. Watakuwa wapangaji katika nyumba za familia nyeusi, mara nyingi karibu na reli huko Oakland Magharibi au kandokando ya Central Avenue mjini Los Angeles.

Programu isiyo na mwaka

Kitu ambacho familia huwa nacho ni programu ya ukumbi, na karibu kila mara haina mwaka. Chukua programu ya Orpheum ya O'Farrell, San Francisco, iliyoandikwa wiki inayoanza Jumapili, 14 Oktoba. Kati ya 1901 na 1930 tarehe hiyo iliangukia Jumapili mwaka 1906, 1917, 1923 na 1928. Mwaka 1906 unaondoka, kwa kuwa ukumbi uliungua Aprili ile na mpya wa mtaa huo ukafunguliwa 1909. Tazama bei ya tiketi: ikitajwa kodi ya vita, 1917 nayo imeondoka, maana kodi hiyo ilianza tarehe 1 Novemba 1917. Tazama matangazo: bia ya kweli inamaanisha kabla ya marufuku ya pombe ya 1920. Kwa programu za Seattle na Portland kipimo hiki ni kikali zaidi, kwa sababu Washington na Oregon zilipiga pombe marufuku tangu 1 Januari 1916. Ukibaki na mwaka mmoja au miwili, thibitisha kwa Bills Next Week.

Picha nazo zina muhuri wa studio nyuma au kwenye kona: Apeda ni New York, Bloom ni Chicago. Kisha zilinganishe na mkusanyo wa J. Willis Sayre wa Chuo Kikuu cha Washington, ambao una maelfu ya picha za wasanii waliopita Seattle, na uko wazi mtandaoni.

Walipotua

Kutua kwenyewe huonekana kwenye daftari za wapiga kura za California, zenye anwani na kazi. Wanawake wamo mapema kuliko mashariki, kwa kuwa walipata kura Washington 1910, California 1911 na Oregon 1912. Fuata kazi ikibadilika kwenye vitabu vya anwani vya mji: mwigizaji, kisha mwanamuziki, kisha mwalimu wa dansi, fundi wa kurusha filamu, mfanyakazi wa studio. Faharasa ya vifo ya California ya 1940 hadi 1997 ina jina la ukoo la mama wa marehemu kabla ya kuolewa, na kwa mtu mwenye majina matatu hilo peke yake humaliza ubishi. Kwa talaka, pitia Reno: Nevada ilidai makazi ya miezi sita tu kabla ya talaka, ikapunguza hadi mitatu mwaka 1927, na wiki sita mwaka 1931.

Msimu mzima ukikosekana Marekani, tazama Australia. Wasanii wa pwani walipanda meli San Francisco au Vancouver wakaenda Sydney kufanya kazi na Tivoli au Fuller, mizunguko ya kumbi ya huko, na magazeti ya huko yako bure kwenye tovuti ya Trove. Maombi ya pasipoti ya Marekani hadi 1925 yako FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, na kuanzia mwisho wa 1914 yana picha ya mwombaji.

Kwa mtu wa Nairobi, karibu yote haya hufanyika kwa simu na bando, ila kurasa za magazeti ni nzito, kwa hiyo pakua usiku au kwenye waifai. Baadhi ya picha za FamilySearch hufunguka tu ndani ya vituo vyao, ambavyo huwa katika makanisa ya Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ulizia saa kabla ya kwenda. Ada ndogo za kaunti hulipika kwa kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay pale wanapokubali Visa mtandaoni. Ukitaka kupiga simu California, saa moja jioni yetu ni saa tatu asubuhi kwao wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi.

Unapoandika mti, jina la kuzaliwa liwe kuu na la jukwaani liwe jina la ziada, likiwa na hati inayoyaunganisha. Pasipo hati, wacha yakae kama watu wawili. Na wakwe wakituma kitabu cha vipande vya magazeti, usikubali kibanduliwe. Wapige picha ukurasa mzima kwanza, kisha kila kipande peke yake kwa dpi 600, na pale ambapo gundi imeachia yenyewe wapige na upande wa nyuma, maana tarehe iliyokatwa mbele mara nyingi hupatikana kwa tangazo la mnada au matokeo ya besiboli yaliyochapwa nyuma yake.